RAM Ikiharibika, Lawama Huenda Kwingine

Oktoba 2022 Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, alikuwa katikati ya wiki mbili ngumu za kupokea mabadiliko ya wenzake na kuyaunganisha, ili toleo la 6.1 lipate kutoka. Ghafla kompyuta yake ya kazi ikaanza kumgomea. Kila alipojaribu kuijenga Linux kutoka kwenye msimbo wake, kazi ilikatika njiani, leo hapa, kesho pale. Alichokishuku kwanza ni msimbo mpya aliotoka kuuingiza. Akaiwasha mashine kwa kiini cha zamani cha Linux ambacho alijua ni kizima, na hitilafu ikabaki vilevile. Ndipo akaiachia programu ya memtest86+ ichunguze usiku kucha. Mkosaji akajulikana: kipande cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kilichokuwa kimefanya kazi bila kasoro kwa miaka miwili na nusu.

Ikiwa yeye aliyeanza kuiandika Linux alitilia shaka msimbo kabla ya RAM, hakuna wa kumlaumu dada yangu. Yeye ni mwalimu wa sekondari, na kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba, yenye RAM ya GB 8 katika vipande viwili. Kwanza Word ilijifunga yenyewe. Wiki iliyofuata ikawa kivinjari. Halafu zikaja skrini za bluu, kila moja na maneno yake. Fundi akapiga Windows upya. Siku nane zikapita salama, ya tisa yakarudi yaleyale. Ikapigwa tena, na safari hii usakinishaji wenyewe ukakwama njiani ukidai kuna faili limeharibika. Ikalaumiwa flashi. Kisha ikalaumiwa diski ngumu, akauziwa nyingine mpya ya aina ya SSD, na ile SSD mpya ikarithi ugonjwa wote. Fedha zilimuuma, lakini kilichomliza ni faili la alama za wanafunzi lililokataa kufunguka siku mbili kabla ya kikao cha wazazi.

Kuna sababu ya lawama kuzunguka hivyo, na ukiielewa hutapata shida kuelewa vipimo.

Gesti yenye chumba kimoja kinachovuja

RAM ya kompyuta zetu hadi leo inafuata wazo la Robert Dennard wa IBM, lililopewa hataza mwaka 1968: kila biti moja, yaani 0 au 1 moja, ihifadhiwe kwa kapasita moja ndogo mno na transista moja ya kuifungulia mlango. Kapasita ikiwa na chaji ni 1, ikiwa tupu ni 0. Tatizo ni kwamba kapasita ndogo kiasi hicho huvuja, kama ndoo yenye tundu. Kwa hiyo mashine hupita ikizijaza upya zote, na kwa RAM za vizazi vya DDR3 na DDR4 kanuni ni kwamba kila seli ifikiwe ndani ya milisekunde 64, iwe unaandika barua au umekwenda kunywa chai. GB 8 ni biti 68,719,476,736. Inatosha seli moja kati ya hizo ianze kuvuja haraka kuliko inavyojazwa, na umeshaingia kwenye matatizo.

Seli ile mbovu haihami. Iko palepale kwenye chipu ileile. Kinachobadilika ni aliyelala juu yake. Windows, kama mifumo endeshi mingine ya leo, huigawa RAM katika kurasa za KB 4 kila mmoja. Katika GB 8 hizo ni kurasa 2,097,152. Ifikirie kama gesti yenye vyumba milioni mbili, na kimoja tu paa lake linavuja. Karani hampi mgeni chumba kilekile kila siku. Humpa kilicho wazi. Leo kwenye chumba kinachovuja amelala kipande cha picha: doa moja linabadilika rangi, hakuna anayeliona. Kesho amelala hesabu. Shilingi 50,000 iliyoandikwa kama namba nzima, biti yake ya thamani ya 65,536 ikigeuka kutoka 0 kuwa 1, inasomeka 115,536, na hakuna king'ora kinacholia. Keshokutwa amelala sehemu ya Windows yenyewe, na hapo ndipo inapokuja skrini ya bluu. Siku nyingine chumba kiko tupu na kompyuta inashinda nzima, ukaanza kuamini imepona.

Watu hulaumu mgeni. Word ina matatizo, kivinjari kina virusi, Windows ni feki. Chumba hakikaguliwi. Na ndiyo maana kupiga Windows upya huonekana kama dawa kwa siku chache: wageni wamepangwa upya, na kwa bahati kile chumba kimeangukia mtu asiye na kelele. Ndiyo maana pia mashine yenye RAM mbovu huchachamaa ukifungua vitu vingi. Gesti ikijaa, hakuna chumba kinachorukwa.

Si lazima seli iwe mbovu saa zote. Nyingine hushika vizuri mpaka majirani zake wapate thamani fulani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzao wa Intel walionyesha kwamba kuifungua safu moja ya RAM mara nyingi mfululizo kunaweza kugeuza biti za safu ya jirani ambayo hakuna aliyeigusa. Joto nalo lina mkono wake, kwa kuwa chaji huvuja haraka zaidi chipu ikipata moto. Kanuni za DDR4 zinataka RAM iliyopita nyuzi 85 ijazwe upya mara mbili zaidi ya kawaida. Kwa hiyo mashine inayoanza vurugu baada ya saa moja ya kazi mchana wa Februari, na asubuhi ikawa mpole, haikutanii.

Utasikia pia habari za mionzi kutoka angani. Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Timothy May na Murray Woods wa Intel waligundua kwamba chembe za alfa, aina ya mionzi, kutoka kwenye vifungashio vya chipu zenyewe zilikuwa zinageuza biti, na miale ya angani hufanya vivyo hivyo. Lakini makosa hayo ni ya kupita: hutokea mara moja, na seli inabaki nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu seva za Google ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilitoa makosa ndani ya mwaka, na kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo ilielekea kutokana na kasoro za kudumu za vifaa. Fundi akikuambia kompyuta inayoanguka mara tatu kwa wiki imepigwa na mionzi, usikubali.

Kupunguza watuhumiwa

Kabla ya kushika bisibisi, angalia mashine inaanguka vipi. Ikizima ghafla kama umechomoa waya ukutani, bila skrini ya bluu wala onyo, mtuhumiwa wa kwanza ni pawa sapulai au joto, si RAM. Fungua uitoe vumbi, hakikisha feni ya prosesa inazunguka. Ikiwa inakuwa nzito kwanza, mafaili yanachukua dakika kufunguka na diski ngumu inagonga, shughulikia diski. Ikiwa skrini ya bluu inakuja na msimbo uleule kila siku na inataja jina la draiva ileile (programu ndogo inayoendesha kifaa), ile ya kadi ya mtandao kwa mfano, hiyo ni draiva mpaka ithibitike vinginevyo.

RAM mbovu hujitambulisha kwa kutotulia. Leo skrini ya bluu inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Kila moja kati ya maneno hayo linaweza kuletwa na draiva mbaya, kwa hiyo usishike neno moja ukakimbia nalo dukani. Shika ule utofauti. Programu zisizohusiana zinaanguka. Faili la zip linagoma kufunguka saa nne na linafunguka saa tano. Usakinishaji unakwama, ukirudia unakwama penye faili jingine.

Kuna kipimo kidogo ambacho nakipenda kwa sababu hakihitaji kupakua chochote. Chukua faili kubwa, la GB 3 au 4. Fungua dirisha la amri la Windows, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256. Utapewa mstari mrefu wa herufi na namba. Rudia mara tano. Faili halijabadilika, kwa hiyo mstari lazima uwe uleule mara zote. Ukitofautiana hata herufi moja, kuna mahali kati ya diski, RAM na prosesa panapopotosha taarifa, na Windows umeitoa katika kesi. Ukifanana mara zote tano, bado hujathibitisha kitu, maana faili halikupita kila chumba.

Okoa kazi yako kwanza

Hapa ndipo watu wengi huumia, na naomba usipite haraka. Mashine yenye RAM mbovu haianguki tu. Inaandika uongo kwenye diski. Kila faili unalolifungua na kulihifadhi upya linapita kwenye RAM ileile. Ukinakili picha zako kwenda diski ya nje kwa kutumia mashine hiyohiyo, nakala inaweza kutoka na dosari. Na ukiiweka juu ya nakala ya zamani iliyokuwa nzima, umepoteza zote mbili. Ukiweza, toa diski uiunganishe kwenye kompyuta nyingine ukanakili huko. Usipoweza, nakili penye folda mpya, na ya zamani usiiguse.

Jambo la pili ni kuingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, na kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kwenye mashine mpya zaidi, mara nyingi kuna XMP au EXPO iliyowashwa, mipangilio inayoisukuma RAM kwa kasi kubwa kuliko kanuni. Kanuni ya DDR4 inaishia kasi ya 3200 kwa volti 1.2, kipande kilichoandikwa 3600 kwa kawaida huombwa volti 1.35 ili kifike huko. Ukizima XMP na mashine ikatulia, RAM yako haijafa. Ile kasi iliyoahidiwa kwenye boksi ndiyo mazabodi, prosesa na RAM hiyo kwa pamoja wameshindwa kuibeba. Ishi na kasi ndogo. Tofauti yake kwenye Word huioni.

Sasa kipimo chenyewe. Windows ina chake: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, mashine itajiwasha upya na kuanza kuchunguza. Bonyeza F1 uchague Extended badala ya kuiacha kwenye hatua ya kawaida. Ikikuta kosa, iamini. Isipokuta, usiiamini sana. Imewahi kupitisha vipande ambavyo baadaye vilikiri. Kipimo ninachokitegemea ni memtest86+, ya bure, inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Faida ya kuanzia nje ya Windows ni kwamba gesti iko tupu, karibu kila chumba kinakaguliwa. Chukua toleo la 6 au la baadaye, maana ya zamani ya 5.01 haiwaki kwenye mashine za UEFI, mrithi wa BIOS ya zamani. Huenda ukalazimika kuzima kwa muda Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizotambulika kuwaka, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, hakikisha ufunguo wako wa kuirejesha umeuandika mahali kabla hujagusa mpangilio huo.

Inachofanya ni kuandika mpangilio fulani wa 0 na 1 RAM nzima, kuusoma, kuupindua, kuusoma tena, kwenda mbele na kurudi nyuma, kisha kuanza na mpangilio mwingine. Wingi wa mipangilio ndio unaowakamata wale majirani wasioelewana niliowataja. Mzunguko mmoja hautoshi. Iache usiku kucha, na kama kwenu umeme hukatika ovyo, itumie UPS au chagua siku nzuri, la sivyo utaamka ukute skrini nyeusi usijue ilifika wapi. Na ipime ikiwa katika hali ile inayoiangusha: kama huanguka saa nane mchana chumba kikiwa cha moto, usiipime saa kumi alfajiri madirisha yakiwa wazi.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, ila kurudia kosa. Kwa RAM msemo huo hautumiki. Mstari mmoja mwekundu unatosha, kwa kuwa RAM isiyo na kasoro haitakiwi kukosea hata biti moja usiku mzima. Wapo mafundi wanaosema makosa mawili matatu ni kawaida. Si kawaida.

Soma pia makosa yenyewe. Skrini huonyesha anwani, thamani iliyotarajiwa na iliyopatikana. Makosa machache kwenye anwani ileile au zilizokaribiana ni dalili ya seli dhaifu. Biti ileile ikikosea kwenye anwani nyingi humaanisha chipu moja au njia yake moja ina kasoro. Yakimwagika maelfu kwa maelfu toka sekunde ya kwanza, huenda kipande hakijakaa sawasawa kwenye sloti au mipangilio haikifai.

Kipande au sloti?

Kosa likionekana, bado hujui ni la nani. Kipande, sloti, na kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa wote wako kwenye njia moja. Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Kishike kipande kwa kingo. Vile vidole vya dhahabu vifute kwa kitambaa laini chenye spiriti safi. Ufutio wa penseli ambao mafundi wengi huutumia hukwangua, basi uwe wa mwisho kabisa.

Vibandike herufi, A na B, kisha badilisha kitu kimoja tu kila mara. Tulipofanya hivyo kwa mashine ya dada, A kikiwa peke yake sloti ya kwanza kilipita usiku mzima. B kwenye sloti ileile kilitoa makosa kabla ya nusu saa. Tukakihamishia B sloti ya tatu: makosa, biti ileile. Kosa lilimfuata B popote alipokwenda, kwa hiyo ni lake. Kama A naye angekosea kwenye sloti moja na kupita kwenye nyingine, tungeangalia sloti: vumbi, au pini iliyopinda chini ya prosesa. Na kama kila kipande kingekosea kila mahali, ningeazima RAM nyingine inayojulikana kuwa nzima kabla ya kuvihukumu vyote viwili, maana hapo ni mazabodi, prosesa au pawa sapulai.

Kuna hali moja huwachanganya watu: A ni mzima, B ni mzima, wakiwa pamoja wanakosea. Hii hutokea sana kwenye mashine za mtumba zilizoongezewa RAM ya aina nyingine. Vipande viwili huzidisha mzigo wa kidhibiti, na vyenye kasi au chipu tofauti si lazima vielewane. Punguza kasi BIOS, au tafuta jozi inayofanana. Kwenye laptop, soma kibandiko kwa makini. Kipande cha DDR3 kilichoandikwa PC3 kinatumia volti 1.5, cha PC3L kinaweza kutumia 1.35, na laptop nyingi nyembamba za kuanzia mwaka 2013 hivi zinataka PC3L peke yake. Umbo ni lilelile, kinaingia bila kulazimishwa, halafu mashine haiwaki au inawaka na kuyumba.

Kama RAM imechomelewa kwenye mazabodi, Windows na Linux zote zina namna ya kuambiwa ziruke anwani fulani, yaani kukifunga kile chumba. Inafaa kwa kosa moja dogo lisilosambaa. Nisingeiwekea mashine hiyo hesabu za biashara.

Seva hazisumbuki hivi, kwa sababu zina RAM ya ECC: hadi kwenye DDR4, kwa kila biti 64 za taarifa huongezwa biti 8 za kukagua, kiasi kwamba biti moja ikigeuka inarekebishwa papo hapo na kuripotiwa, na mbili zikigeuka inajulikana. DDR5 ina marekebisho ya aina hiyo ndani ya chipu yenyewe, lakini hayalindi safari ya taarifa kutoka kwenye chipu hadi kwenye prosesa. Torvalds amelalamika kwa miaka kwamba ECC imefanywa kuwa bidhaa ya watu maalumu, na kipande chake kilipokufa aliagiza ya ECC, akawa anafanyia kazi laptop wakati akiisubiri. Nakubaliana naye kabisa. Mwalimu anayehifadhi alama za watoto anastahili mashine inayojua kwamba imekosea.

Dada alifanya kazi wiki tatu na A peke yake, GB 4. Ilikuwa nzito, ila haikuanguka hata mara moja. Windows tuliipiga upya kwa mara ya mwisho, kwa kuwa zile zilizopigwa kabla zilipita kwenye RAM mbovu. Lile faili la alama halikufunguka kamwe. Aliziingiza upya zote kutoka kwenye daftari lake la karatasi. B ninacho kwenye droo, nimekichora alama ya X kwa wino mwekundu pande zote mbili, kisije kikarudi sokoni.